Daftari la wiki: Barabara iliyoachwa na magari

Jumatatu, Sóller

Asubuhi ya kwanza tulipanda Coll de Sóller, barabara ya zamani inayotoka upande wa Palma na kuvuka mlima kuingia bonde la Sóller, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Mallorca. Kilele chake kiko mita 496 tu juu ya bahari. Mtu mwenye pumzi za kawaida anafika bila kushuka kwenye baiskeli, mradi asiwe na haraka. Kona zimekunjwa moja juu ya nyingine, hata ukiinua macho unaona ukingo wa barabara utakayoikanyaga baada ya dakika kumi. Shemeji alitangulia. Kuanzia kona ya kwanza mpaka juu nilimsikia akipaza sauti mara moja tu: "Shemeji, gari!" Likapita taratibu, na baada yake tukabaki na mlio wa minyororo yetu na kengele za kondoo mahali fulani kwenye mizeituni.

Sababu ya utulivu huo ilikuwa chini yetu, ndani ya mwamba. Mwaka 1997 lilifunguliwa ndani ya mlima huu handaki la karibu kilomita tatu. Mwanzoni lilikuwa la kulipia, kwa hiyo dereva aliyetaka kuokoa pesa zake aliendelea kuzunguka kwa juu. Desemba 2017 malipo yakafutwa. Tangu hapo mwenye gari hana sababu ya kupanda, isipokuwa anapenda kutazama, na baiskeli haziruhusiwi handakini. Magari yakapata njia yao tumboni mwa mlima, sisi tukabaki na ya mgongoni.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Hakuna aliyekaa akachora barabara ya waendesha baiskeli hapa. Ilikuwepo barabara iliyokwisha kutimiza kazi yake, ikapata mbadala, na watu hawakuiacha iote majani. Lami yake ni safi, kuta za kingo zimesimama, mifereji ya maji ya mvua haijaziba. Nchi nyingi zinajenga barabara mpya na kuisahau ile ya zamani siku hiyohiyo. Ningependa wahandisi wetu waje waione hii, waendeshe kwa miguu yao wenyewe, kisha warudi nyumbani waangalie upya kila kipande cha lami ya zamani kilichokatwa kando ya barabara kuu.

Jumanne

Leo tumezunguka chini ya milima, na mimi nilikuwa nasoma vibao zaidi kuliko nilivyokuwa nakanyaga pedali. Biniaraix. Binissalem. Biniali. Kisiwa hiki kilikuwa chini ya Waislamu tangu mwanzoni mwa karne ya 10 hadi mwaka 1229, na hiyo "Bini" ni "bani" ya Kiarabu, yaani wana wa fulani. Mswahili yeyote ambaye jina la babu yake lina "bin" katikati anaisikia mara moja bila kamusi. Dukani nilinunua zeituni, nikamwambia muuzaji kwamba nasi twaziita zeituni. Yeye kwa Kihispania anasema aceituna. Akalirudia neno letu polepole, kisha akaniongezea kiganja kimoja bure.

Milima yenyewe inaitwa Serra de Tramuntana, na tramuntana ni upepo wa kaskazini. Kwa watu wa pwani yetu, wanaoihesabu miaka yao kwa kaskazi na kusi, hilo halihitaji maelezo.

Jumatano, Sa Calobra

Tulilala Lluc, kwenye monasteri iliyo katikati ya milima, tukaondoka kungali na giza ili tuifikie barabara ya Sa Calobra kabla ya mabasi ya watalii. Nawasihi wanaokwenda wafanye hivyo hivyo. Saa sita mchana barabara hii si ya mtu wa baiskeli: basi linapokunja kona hujaza njia yote, na wewe unabaki umebanwa ukutani. Saa moja asubuhi tulikuwa sisi na mbuzi.

Iliyoisanifu ni akili ya mhandisi Antonio Parietti, na ilifunguliwa mwaka 1932. Inaanza kwenye kipito cha Coll dels Reis, mita 682 juu, na kuteremka hadi baharini kwa chini ya kilomita kumi. Hakuna barabara nyingine ya kutokea huko chini, kwa hiyo kila mita uliyoifurahia kwenye mteremko utailipa ukirudi. Parietti hakutoboa mwamba kwa mahandaki. Aliufuata mlima ulivyojikunja, na mawe yaliyochongwa upande mmoja yakajazia upande mwingine. Karibu na juu, pale mteremko ulipomshinda kwa ukali wake, aliizungusha barabara mpaka ikapita chini ya daraja lake lenyewe. Wenyeji wanapaita Nus de sa Corbata, fundo la tai.

Nilipanda kwa gia nyepesi kabisa, nikihesabu pumzi badala ya kilomita. Mtu akipanda kwa mwendo huo anauelewa mkono wa aliyejenga. Mwinuko hauruki ghafla, unakaa vilevile kona baada ya kona, asilimia saba hivi, na miguu ikishaukubali unaweza kuinua kichwa. Nilipofika kwenye fundo nilisimama, nikashika ukingo wa daraja kwa viganja vyote viwili. Barabara hii haikuwa na mji wa kuuhudumia, ilijengwa ili watu wafike mahali pazuri. Sioni aibu kusema kwamba nilitokwa na machozi.

Alhamisi

Mvua. Tumeosha minyororo.

Ijumaa, uwanda wa kati

Kusini mwa milima kuna mtandao wa vijia vya lami, vyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana moja hurudi nyuma. Kushoto milozi, kulia ngano, na kila baada ya mwendo mfupi kinu cha upepo kilichopoteza mapanga yake. Njia zinakwenda zigizaga kwa sababu zinafuata mipaka ya mashamba ya zamani, na ndiyo maana mwenye haraka hazitumii. Tulifika Petra, mji alikozaliwa padri Junípero Serra mwaka 1713, tukanywa kahawa uwanjani katikati ya baiskeli nyingi kuliko viti.

Mwili wangu ulijifunza kuendesha baiskeli Dar es Salaam. Nikisikia injini nyuma, mabega yanajikunja yenyewe na tairi linatafuta mchanga wa pembeni. Leo lori lilitufuata muda mrefu bila kupiga honi, likangoja tupite kona, ndipo likapita mbali nasi. Sheria ya Hispania inamtaka dereva aache angalau mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli, na tangu Machi 2022, penye njia zaidi ya moja za kuelekea upande uleule, ahamie kabisa njia nyingine. Shemeji aliniangalia akaniambia, "Shemeji, shusha mabega." Ilinichukua kilomita nyingi kuweza.

Jumamosi, kuelekea Orient

Kutoka Bunyola barabara inapanda msituni, inavuka kipito, kisha inashuka kwenye kibonde chenye kijiji kidogo cha Orient. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, nami nasita kuiandika, maana kila majira ya kuchipua kisiwa kinajaa waendesha baiskeli na wakazi wanachoka nasi.

Kingo zote hapa ni kuta za mawe makavu, bila saruji. Ni kuta hizo zinazoshikilia udongo wa mizeituni juu na barabara chini. UNESCO iliiandika milima hii kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, na ufundi wenyewe wa mawe makavu ukaorodheshwa mwaka 2018 kwa ajili ya Hispania na nchi nyingine saba. Fundi wake huitwa marger.

Tulimkuta mmoja kazini, mahali ukuta ulipobomolewa na mvua ya Alhamisi. Aliinua jiwe, akaligeuza mara tatu, akaliweka, akaligonga kwa nyundo, akaliondoa, akatafuta jingine. Tulimtazama hadi jasho likatukauka mgongoni. Tulipopanda baiskeli alituonyesha kona ya mbele, akashusha kiganja mara mbili kama mtu anayempapasa mtoto kichwani: changarawe imemwagika, nendeni polepole. Tukashika breki zote mbili.