Ushujaa wa Kukopa

Katika malumbano ya ushairi ya siku hizi naona mtindo mmoja unashika kasi. Mshairi akitupiwa fumbo, hujibu kwa kichwa cha beti zake: "Bring it on!" Mwingine hutangaza kuwa yu tayari "kumshika fahali pembe", akidhani amesema Kiswahili kwa kuwa kila neno ni la Kiswahili. Wasomaji hushangilia. Mimi sishangilii.

Sichukii mikopo. "Kaza buti" naipenda, na buti hilo tumelitoa kwa Mwingereza. Ila limekwisha kupewa irabu, likaingia ngeli, likapigwa na jua la huku. "Bring it on" haijalionja jua hilo. Mtungaji wa tarbia aihesabu vipi: mizani 3, au 6 ikitamkwa kwa ulimi wetu?

Tazameni basi tulichokiacha. "Nimejifunga kibwebwe": mizani 8. "Nimepiga moyo konde": 8. "Maji nimeyavulia": 8 pia, na aijuaye methali atamalizia mwenyewe nguo na kuoga. Ni vipande vitatu vya shairi vilivyokwisha kukamilika, havitaki kurefushwa wala kukatwa.

Lakini hesabu si hoja yangu kubwa. Msemo ule wa Kiingereza humwelekea adui: lete. Misemo yetu humrudia msemaji. Kibwebwe ni nguo aijifungayo mwanamke kiunoni kwa kazi nzito au kwa ngoma. Konde hupigwa moyo wa mtu mwenyewe, si uso wa mwenziwe. Nguo huivua yule yule atakayeoga. Asemaye hivyo amekwisha kuanza kazi, ndiyo maana tunamwamini. Asemaye "lete" bado amekaa kitako.

Muyaka bin Haji aliwatetea Wamazrui wa Mombasa dhidi ya Sayyid Said kwa beti, zama ambazo merikebu za adui zilikuwa merikebu kweli. Maneno hayakumpungukia. Sisi tutishianao kwa kalamu tu, yanatupungukiaje?

Anayenipinga na ajibu kwa tarbia, mizani 8 kwa 8, na kina cha mwisho katika kila mshororo kiwe "on". Nasubiri.