Ujira wa Mpiga Gitaa

Msafiri atokaye Kisumu kwa njia ya Busia, akifika Otonglo jioni ya Jumamosi, huenda akalakiwa na gitaa la muziki wa benga kabla hajauona mlango wa baa litokamo. Na gitaa hilo, lenye kuiga nyuzi nane za nyatiti, kinubi cha Waluo, ni sanaa iliyoenezwa na mabingwa kama D. O. Misiani wa bendi ya Shirati Jazz, aliyefariki Kisumu kwa ajali ya barabarani mwaka 2006. Katikati ya wimbo muziki husita, mteja akasimama kujitapa na kuwasifu rafiki zake, kisha akatoa fedha: hiyo ndiyo pakruok, ada ya Waluo nisiyoitakia kufa, kwani ni ushairi wa papo kwa papo (na baadhi ya wasemaji, wallahi, huwapita waimbaji kwa ufasaha). Ninalolikataa ni mwenye baa kuifanya hidaya hiyo ndiyo mshahara, ilhali bia yake yanunuliwa kwa sababu ya bendi. Mpiga besi hasifu mtu wala aghalabu hasifiwi. Ale nini usiku ambao wakarimu hawakuja? Mwenye baa na bendi na waafikiane ujira kabla vipaza sauti havijawashwa, pakruok iwe ziada.