Rangi ya Kweli na Rangi ya Kukisia

Limezuka jambo katika siku zetu ambalo hupigiwa makofi mahali lilipostahili kukemewa. Watu huchukua picha za zamani zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe, wakazitia katika kompyuta, na kufumba na kufumbua zikatoka zimepakwa rangi. Kisha hutangaza, "Tazameni! Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa." Msomaji, nakusihi usiitikie amina kabla hujasikia habari za mtu mmoja aliyeitafuta rangi ya kweli kwa elimu na kwa jasho.

Mtu huyo ni Sergei Prokudin-Gorskii, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863. Alikuwa mwanakemia, na mwaka 1902 alikwenda Berlin kujifunza kwa Adolf Miethe, bingwa wa picha za rangi. Kanuni aliyoifuata ilikwisha kuonyeshwa London mwaka 1861 na mwanasayansi James Clerk Maxwell: kwamba nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu zikichanganywa kwa vipimo, huzaa karibu rangi zote zionwazo na jicho la mwanadamu.

Tazama jinsi alivyofanya kazi. Alitia katika kamera yake bamba refu la kioo lililopakwa dawa ya kunasa nuru. Juu ya bamba hilo alipiga picha tatu za kitu kile kile, moja baada ya nyingine: moja kupitia kioo chekundu, moja kupitia cha kijani, na moja kupitia cha buluu. Kila picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini kila moja ilihifadhi kipimo cha nuru ya rangi yake. Picha hizo zilipoangazwa ukutani kupitia vioo vya rangi zile zile, zikalaliana, rangi za asili zilirejea. Hakupaka hata tone moja. Rangi zilitoka katika kitu chenyewe.

Mwaka 1909 alimwonyesha Mfalme Nicholas II picha zake. Mfalme akampa vibali vya kupita na behewa la garimoshi lenye chumba cha giza ndani yake. Hadi mwaka 1915 alizunguka katika dola ile kubwa akipiga picha za makanisa na misikiti, mito na viwanda, wakulima na watawala. Mwaka 1911 alimpiga picha Amiri wa Bukhara, Alim Khan, ameketi katika joho la buluu lililojaa maua. Tukitazama joho lile leo, hatuna haja ya kukisia. Buluu ile ilikuwako. Nuru yake iligusa kioo.

Lakini jambo linalonivutia zaidi katika picha zake ni kasoro. Kwa kuwa picha tatu hazikupigwa kwa wakati mmoja, kitu kilichotikisika katikati hakikulaliana sawasawa. Maji ya mto huonekana yana michirizi myekundu, ya kijani na ya buluu. Mtoto aliyegeuza kichwa ana kivuli cha rangi pembeni mwa uso. Mtu mwenye haraka huiita dosari. Mimi naiita muhuri wa ukweli. Shahidi mwaminifu akisitasita, kusita kwake nako ni ushahidi.

Sasa tumrudie mpakaji wetu wa leo. Yeye ana ushahidi gani? Picha ya nyeusi na nyeupe huhifadhi mwanga na kivuli, haihifadhi jina la rangi. Rangi mbili zisizofanana kabisa zaweza kutoa kijivu kimoja. Zaidi ya hayo, dawa za picha za zamani nyingi hazikuiona nuru nyekundu, basi nguo nyekundu ilitoka kama nyeusi, na anga la buluu likatoka kama jeupe. Kompyuta haikuiona nguo ile. Imeonyeshwa picha nyingine nyingi, nayo hukisia kwa desturi ya hizo. Haina michirizi wala haisiti popote. Husema uongo na kweli kwa sauti moja. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wako watakaosema, "Mwalimu, wachukia maendeleo." La, hasha! Mwaka 1948 Maktaba ya Bunge la Marekani ilinunua mabamba 1,902 ya Prokudin-Gorskii, aliyekuwa amefariki Paris mwaka 1944 baada ya kuihama nchi yake mwaka 1918. Karne hii ilipoanza, ni kompyuta iliyounganisha picha zile tatu tatu, ulimwengu mzima ukaziona. Hapo kompyuta ilimtumikia shahidi. Ninachokikataa ni kompyuta kujifanya shahidi.

Wengine husema kwamba rangi huwavuta vijana waipende historia. Mapenzi yaliyojengwa juu ya udanganyifu hayadumu. Anayetaka kupaka na apake, lakini aandike chini ya picha kwamba rangi hizi ni za kukisia. Akiona haya kuandika hivyo, basi amejihukumu mwenyewe.

Wala usidhani kwamba shauri hili ni la Warusi peke yao. Huenda nyumbani kwenu iko picha ya nyanya yako siku ya arusi yake, nayo haina rangi. Mashine yaweza kumvika kanga ya hudhurungi, na wajukuu wakaapa kwamba ndiyo. Ikiwa yu hai, nenda ukamwulize leo kanga yake ilikuwa ya rangi gani, ukaliandike jibu lake nyuma ya picha kwa mkono wako. Prokudin-Gorskii alihitaji behewa na mabamba ya kioo ili kuihifadhi kweli. Wewe wahitaji kalamu na adabu ya kusikiliza. Ukikawia, shahidi ataondoka, nawe utaachiwa mpakaji.