Mbona Aliyefaulu Arudishwa Mwanzo?

Nataka kusema neno juu ya jambo ambalo kwa watu wa vyuo laonekana dogo, walakini si dogo hata kidogo kwa mzazi wa Mkuranga au Kisarawe auzaye korosho apate karo ya mwanawe. Neno lenyewe ni hili. Kijana husoma biashara miaka miwili hata apate stashahada. Kisha huomba kusoma shahada ya biashara ile ile, hukubaliwa, na siku ya kwanza huketishwa katika mwaka wa kwanza, benchi moja na mtu ambaye hajapata kushika kitabu cha hesabu maishani mwake. Nasema desturi hii si haki, tena haina faida kwa nchi, nami sitasema hayo bila ya kutoa sababu.

Kwanza wenzetu wa shamba wajue hali ya mjini. Sisi tunaofundisha pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Temeke, hatuna shida ya kukosa vyuo. Kurasini, kando ya Barabara ya Kilwa, ipo Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Kinondoni ndiko makao ya Chuo Kikuu Huria, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992. Katikati ya mji kipo Chuo cha Elimu ya Biashara tangu mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha tangu mwaka 1972. Kijana wa Mbagala au Tandika, au wa Tandale na Mwananyamala, aweza kupanda daladala asubuhi akafika chuo, jioni akarudi kulala kwao. Hii ni neema ambayo wazee wetu hawakuiona. Basi taabu haiko katika uchache wa vyuo, bali katika namna ya kuwahesabu watu wanaoingia.

Milango ya kuingilia katika shahada ni miwili mikubwa. Mlango mmoja ni wa kidato cha sita: mwombaji awe amefaulu masomo mawili makuu, jumla yake isipungue pointi 4. Daraja la D ni pointi 2, kwa hiyo mwenye D mbili amefika kizingitini, na katika baadhi ya masomo ya biashara haulizwi kama D hizo alizipata katika Uchumi au katika Historia. Mlango wa pili ni wa stashahada: mwombaji awe na ufaulu wake wa kidato cha nne, na juu yake stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 katika 5. Sina ugomvi na milango hii. Mtu mwenye D mbili aweza kuwa mfanyakazi hodari, nami nimewaona wa namna hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba ukiisha kupita mlango wo wote katika hiyo miwili wakuta ngazi ni moja, nawe sharti uanze kukanyaga kidato cha chini kabisa. Mtihani wa stashahada wafaa kumfungulia mtu mlango, lakini ukiisha kumfungulia hutupwa nje kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Nimetazama madaftari mawili ya kijana mmoja wa Tandika, ambaye chuo chake sitakitaja. La kwanza ni la stashahada, la pili ni la mwaka wa kwanza wa shahada. Katika yote mawili mna kanuni za uhasibu, namna ya kuandika kila jambo mara mbili katika leja, upande wa kushoto na upande wa kulia, kisha urari, kisha hesabu ya faida na hasara, kisha mizania. Mna kanuni za uchumi, yaani mahitaji na ugavi na bei. Mna mwanzo wa sheria za biashara: mapatano ni nini, wakala ni nani, ubia huvunjwaje. Hata zoezi la kuandika hesabu za duka la mtu mmoja muuza nguo lilikuwa ndugu yake lile la kwanza, majina na tarakimu tu ndizo zilizobadilika. Nilimwuliza kijana, "Basi mwaka huu ulijifunza nini?" Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, nilijifunza kukaa kimya, nisionekane najua." Jibu hili lilinisikitisha kuliko karo iliyopotea, kwa maana kijana aliyefundishwa mwaka mzima kuficha akili yake hairudishi upesi.

Wala si uhasibu peke yake. Wapo watoto wa kidato cha sita waliosoma Uchumi, Biashara na Uhasibu pamoja, wakafaulu vizuri mbele ya Baraza la Mitihani. Nao pia huanza upya na majina ya vitabu vya hesabu, pamoja na mwenzao aliyesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Huyu wa mwisho ana haki ya kuanza mwanzo, naye asiharakishwe. Lakini yule wa kwanza amekosa nini hata angojeshwe?

Watu wa vyuo wanacho kipimo cha masomo wakiitacho krediti. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Mwaka mmoja wa chuo ni krediti 120, maana yake saa 1,200 za kazi. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Haya si maneno yangu, ndiyo hesabu ya wakuu wa elimu wenyewe, na stashahada nayo imepimwa kwa saa zile zile. Mwanafunzi wa shahada akihama kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine, zipo taratibu za kumchukulia krediti zake aende nazo. Basi kipimo kimekwisha wekwa, na saa zimekwisha hesabiwa. Mtu yeyote aliyefundishwa uhasibu ajua kwamba mdaiwa akileta malipo, huandikwa upande wa kulia wa hesabu yake, ndio upande wenyewe wa krediti. Huyu wa stashahada amelipa jasho la saa mamia, na katika kitabu cha chuo upande wake wa kulia hapana hata mstari. Karani wa duka akiandika hivyo, mkaguzi atamwita.

Najua watakavyonijibu. Watasema, stashahada ni ngazi ya sita na shahada ni ngazi ya saba na ya nane, na kina cha maji si kimoja ijapokuwa jina la mto ni moja. Hili nalikubali kwa masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Hapana mtu mwenye akili asemaye kwamba stashahada yatosha mahali pa usimamizi wa fedha za kampuni au ukaguzi wa juu. Lakini somo liitwalo la msingi, lifundishwalo mtu asiyejua kitu, haliwezi kuwa na kina kuliko lile alilotahiniwa mwenye stashahada katika mwaka wake wa mwisho. Msingi ni msingi.

Watasema tena, vyuo vya stashahada ni vingi, vingine ni dhaifu, na vyeti vyao haviaminiki. Sasa hapa nawashangaa. Ithibati ya vyuo hivyo hutolewa na baraza la serikali lile lile, NACTVET. Tena Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Uhasibu hufundisha ngazi zote chini ya paa moja, tangu astashahada, stashahada, hata shahada. Mara nyingi kijana husoma stashahada katika chuo na kuendelea na shahada papo hapo. Ikiwa chuo hakiuamini mtihani kilioutunga chenyewe, kikausahihisha chenyewe, na kikampa mtu cheti chenye muhuri wake, nani mwingine auamini? Yakobo alipomtumikia Labani miaka saba akaambiwa atumike saba mingine, walau Labani alikuwa na desturi ya nchi ya kuisingizia.

Na kama shaka ni ya kweli, dawa yake ni nyepesi. Mpeni mtihani. Mwisho wa mwaka wa kwanza chuo hutahini wote; basi mwenye stashahada na atahiniwe mwanzoni kwa karatasi ya namna ile ile, somo kwa somo. Akishinda, ahesabiwe. Akishindwa, aketi na wenzake asome, wala asilalamike. Hili si jambo geni duniani. Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1858 kilikubali kuwatahini watu wasiokaa darasani mwake, na walimu wengi wa Afrika walisoma kwa posta wakapata shahada kwa njia hiyo. Huko Marekani tangu mwaka 1967 upo mtihani uitwao CLEP, ambao mtu huufanya aonyeshe kwamba somo fulani alijua tayari, awe amelisoma shuleni au kazini. Upo pia ule uitwao AP, ufanywao na wanafunzi wa sekondari, nao hutolewa alama 1 hadi 5. Kila chuo huamua chenyewe alama gani kiikubali, na shule nyingine za biashara ni kali sana katika kukubali. Ukali siukatai. Ukali wenye kanuni iliyoandikwa, ambayo mwombaji aweza kuisoma kabla ya kulipa, ni afadhali mara kumi kuliko mlango usio na maelezo.

Wala si lazima tuvuke bahari. Jirani zetu wa Kenya wanayo bodi ya mitihani ya uhasibu, KASNEB, iliyoanza mwaka 1969, na vyuo vikuu kadhaa vya kwao humsamehe mwenye vyeti vyake baadhi ya masomo ya shahada ya biashara. Nasi hapa kwetu tunayo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani yake yaogopwa nchi nzima, hapana awezaye kusema Bodi ile ni laini. Hata hivyo mwenye shahada ya uhasibu akienda kwao haanzi ngazi ya chini. Huanza ya kati, kwa kuwa ya chini amekwisha kuijua. Yaani wahasibu wenyewe, wakali wa kazi hii, wajua kuhesabu kilichokwisha kufanywa. Waliofundisha wahasibu ndio wasiojua.

Tena kuna watu wa kazi. Mwezi wa Novemba mwaka 1974 chama cha TANU kilitoa Azimio la Musoma, wanafunzi waliomaliza kidato cha sita wakatakiwa kwanza kufanya kazi, na sifa njema ya kazini ikawa sehemu ya haki ya kuingia Chuo Kikuu. Azimio lile lilikuwa na hasara zake, nalo limekwisha achwa. Lakini lilikiri kwamba mtu hujifunza hata nje ya darasa. Siku hizi upo utaratibu wa kutambua ujifunzaji wa awali, ambao mtu mzima hutahiniwa, akifaulu huruhusiwa kuomba shahada. Ni jambo jema sana. Lakini nao ni mlango tu. Mama aliyetunza vitabu vya chama cha akiba na mikopo huko Tandale kwa miaka mingi ataingia, kisha atafundishwa leja ni kitu gani.

Sisemi kwamba vyuo hufanya hivi kwa kutaka karo ya mwaka mmoja zaidi. Nasema tu kwamba karo hiyo hulipwa, pamoja na nauli, na chakula, na pango la chumba Mbagala kwa yule asiye na ndugu mjini. Na mwaka ule kijana angekuwa kazini akimsomesha mdogo wake.

Na neno hili halitapungua, litazidi. Mtaala mpya ulianza kutumika mwaka 1924 na miaka 100 juu yake, yaani 2024, na ndani yake upo mkondo wa amali, ambao mtoto wa sekondari hujifunza kazi pamoja na masomo, naye hutahiniwa kwa yote mawili. Watoto hao wako njiani. Watafika vyuoni wakiwa na vyeti viwili mkononi. Je, nao wataambiwa viwili vile ni vya kubishia hodi tu?

Kwa wazazi na vijana wanaosoma gazeti hili, nasema kabla ya kulipa karo mwulizeni msajili wa chuo kwa barua: ni masomo gani ya stashahada yangu mtayahesabu, na kwa kanuni gani? Tunzeni hati ya matokeo pamoja na mihutasari ya masomo yote mliyosoma, ikiwa na muhuri wa chuo, maana pasipo mihutasari hakuna awezaye kulinganisha somo na somo. Majibu yakiwa ni hapana, ombeni hapana hiyo iandikwe. Walimu wenzangu wawili nami tumekwisha kuwasaidia vijana wanne kuandika barua za namna hii muhula huu, na majibu yakifika nitamletea Mhariri.