Mtangazaji na Ndege Iliyokalia Mkia: Nyie Mnaocheka, Mnacheka Nini?

Wadau, leo sina umbea mtamu, nina povu. Kama hujanywa chai kanywe kwanza, ndo uje.

Mnamjua. Simtaji jina, ila asubuhi ukiwa kwenye foleni ya Ubungo sauti yake ndo inakuchangamsha kwenye daladala. Alhamisi iliyopita kaka wa watu kaweka picha moja ukurasani kwake: meza, taa, gundi, vibanio vya nguo, na ndege ya plastiki imenyanyua pua juu, imekalia mkia. Akaandika tu kwamba hajashika kitu hiki tangu yuko kidato cha pili. Basi. Hakutangaza bia wala mkopo wa simu.

Kufika saa nne usiku kashakuwa kichekesho cha mji. Dada mmoja, yule wa mikoba, akaisambaza akisema mwanaume mzima mvi zinaingia anacheza na midoli. Akafuata yule kaka wa semina za mafanikio, akampigia hesabu kwamba hela ya boksi lile ingenunua vifaranga. Ijumaa asubuhi picha haipo. Kaifuta. Hapo ndo nikachoka.

Kwanza tuelewane kile ni kitu gani. Siyo mdoli unaoutoa dukani umeshakamilika. Ni boksi la vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki. Unakata kimoja kimoja, unapiga msasa, unagundisha, unaziba nyufa kwa puti kama fundi wa bodi za magari pale Gerezani, unapaka rangi, halafu unaloweka stika kwenye maji na kuzitelezesha mahali pake taratibu kwa kibano. Na gundi yake hainati kama ya viatu, inayeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. Ukikosea ndo imetoka hiyo. Uingereza, Airfix walikuwa wanauza Spitfire ya vipande tangu miaka ya 1950, na Japani kuna Tamiya wa Shizuoka ambao mpaka leo wateja wao wengi ni watu wazima wenye kazi na familia zao. Hakuna anayewatuma wakafuge kuku.

Pili, ndege yenyewe. Mngekuza picha kabla ya kucheka mngeona injini nne zote ziko nyuma, mbili kila upande wa mkia. Ile ni Super VC10. East African Airways, shirika letu la pamoja na Kenya na Uganda, lilianza kuzirusha mwaka 1966, na mwaka 1977 shirika lenyewe likafa. Ndege ya mita 52 ukiipunguza kwa skeli ya 1/144 unapata sentimita 36 hivi, rula ya shule na kidogo.

Sasa wasikilizaji wa kweli wa kipindi chake wanakumbuka alichowahi kusema hewani. Marehemu mzee wake alikuwa fundi wa shirika hilohilo, na Jumapili walikuwa wanakaa sebuleni wanaunganisha ndege za hivi, baba na mwana. Mzee alipofariki, boksi la mwisho lilibaki halijafunguliwa. Zile stika mlizoziona zimebandikwa kwenye kioo cha dirisha, mkasema sijui ndo mapambo ya ubahili, ni za zamani. Karatasi ya stika ikikaa miaka mingi inageuka njano, na wanaojua kazi huianika juani siku kadhaa hadi weupe urudi. Unganisha mwenyewe lile boksi ni lipi. Mimi nimeshaunganisha, na sikucheka.

Na huo mkia uliowavunja mbavu? Ndege kama ile, uzito wake wote uko nyuma. Usipoweka kitu kizito ndani ya pua kabla ya kufunga bodi, lazima ikae kitako. Ni kosa la mtu aliyeacha muda mrefu: mikono bado inakumbuka kukata na kugundisha, kichwa kimesahau uzito wa pua.

Huyuhuyu mlimshangilia alipokuwa anamwaga chupa meza za VIP kila wikiendi, hadi akakosa kipindi siku mbili mfululizo. Hakuna aliyempigia hesabu ya vifaranga. Leo yuko nyumbani kwake saa tatu usiku, hana glasi mkononi, ana kibano, ndo mnamuona kapotea? Na dada wa mikoba, mimi sisemi kitu, ila ule wa Desemba ulirudi kwa mwenyewe Januari, na mjini hapa tunajuana.

Tatizo letu, kitu kisicholeta hela wala kiki hatukielewi. Ukijua kupika watu wanakuuliza mgahawa unafungua lini. Mtu akirudia alichokipenda utotoni, tunataka risiti.

Sisemi ni mchezo wa bei poa. Kuagiza nje kuna nauli na ushuru, na rangi na thina zina harufu kali, ufungue madirisha na watoto wakae mbali. Mwenye hoja hiyo aje tuongee. Nilisoma kelele zote za usiku ule, hakuna hata mmoja aliyekuja nayo.

Na wewe kaka, nakulaumu pia. Kila asubuhi unatwambia tusiishi kwa macho ya watu, halafu mtu wa mikoba anakufanya ufute kazi ya mzee wako?

Bodi umeshaifunga, sawa, ila pale kwenye tundu la tairi la mbele pana nafasi. Nenda Feri kanunue chubwi ndogondogo za wavuvi. Zibandike kwanza nje ya pua kwa selotepu, uone zinatosha ngapi. Ukishajua, toboa ndani ya lile tundu, zisukumie mbele na gundi ya epoksi, uiache ndege usiku mzima imeelekea pua chini. Ikisimama kwa matairi yake yote, piga picha uirudishe. Komenti funga.