Mtani msibani, mwacheni amalize kisa chake

Siku hizi ratiba ya msiba hupangwa kwa dakika. Wasifu wa marehemu dakika tano, salamu za ofisi dakika tatu, salamu za majirani dakika mbili. Mtani akisimama, anayeongoza ratiba anamwonyesha saa. Ndugu msomaji, kwa maoni yangu kama daktari, hapo tunawanyima wafiwa kitu chenye faida kwa afya yao.

Hapa Tabora utani una mizizi mirefu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wengi huuhusisha utani huo na njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji. Wapagazi walitembea kwa miezi kadhaa, mizigo kichwani na begani, wakipita kwenye nchi za watu wasiowajua. Aliyeugua njiani alihitaji wa kumuuguza. Aliyekufa alihitaji wa kumzika. Mtani akawa ndugu bila kuchangia damu. Anaweza kukutukana na kuondoka na kuku wako, lakini siku ukifa ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi.

Mtani hodari hatoi neno moja akakaa. Anavaa koti la marehemu, anashika fimbo yake, anatembea kama yeye. Anaanza: "Huyu bwana amekufa na deni langu." Watu wanatulia. Deni gani? Badala ya kujibu, anarudi nyuma kueleza jinsi babu yake alivyompokea babu wa marehemu kule pwani, akampa nazi, mgeni akataka kuitafuna na kifuu chake. Anaacha hapo, anawadai wafiwa hela ili njia ya makaburini ifunguliwe, anamwiga marehemu akikohoa, halafu anarudi kwenye deni. Kumbe ni ileile nazi, na riba yake imefika ng'ombe wawili! Kila mtu alijua deni halipo, lakini alisubiri.

Utamu uko kwenye kusubiri huko. Msikilizaji anakaa mkao wa kucheka, anazuia pumzi, kisha kicheko kinaachia. Tukicheka kwa nguvu, kiwambo na misuli ya mbavu husukuma hewa nje mfululizo, mapigo ya moyo hupanda kidogo, baadaye misuli hulegea. Utafiti wa Robin Dunbar na wenzake wa Uingereza ulionyesha kuwa watu waliocheka pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka. Mwaka 2017 watafiti wa Finland walipima ubongo na kuona kuwa kucheka na marafiki huamsha kemikali za asili za kutuliza maumivu. Tafiti hizo hazikufanyika msibani, wala hazikulinganisha kisa kirefu na kifupi. Lakini zote zinahusu kucheka pamoja, na kisa kirefu huwakalisha watu pamoja. Wachekeshaji wa jukwaani, kama wale wa Cheka Tu jijini Dar es Salaam, hutegemea jambo hilohilo. Kichekesho cha sekunde thelathini kwenye simu mara nyingi unakicheka peke yako, kisha unapitisha kidole.

Kwa mfiwa, muda huo ni muhimu zaidi. Huenda hajala wala kulala tangu jana. Kisa kikiendelea anamwona tena marehemu akiwa hai, anacheka huku machozi yakimtoka. Asione aibu, na asiambiwe kwamba hana uchungu.

Mipaka ipo. Mtani asitanie ugonjwa uliomwondoa marehemu, hasa VVU au maradhi ya akili, wala asifanye mzaha pale mtu alipojiua. Kukiwa na wafiwa wasio na mila hiyo, waelezwe mapema. Kwenye msiba wa mtoto, mtani mwenye busara hupima kwanza nyuso za wazazi.

Kicheko pia hakichukui nafasi ya tiba. Kamati ya msiba imteue mtu wa kuwakumbusha wafiwa wenye shinikizo la damu, kisukari au pumu kula, kunywa maji na kutumia dawa zao. Baada ya wageni kutawanyika, mwangalie mfiwa. Uchungu mkali unaomzuia kuendelea na maisha kwa zaidi ya miezi sita unahitaji msaada wa kitaalamu. Akikosa usingizi na kupoteza hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona. Mpeleke kituo cha afya. Akizungumzia kujiua, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Nanyi mnaopanga ratiba, punguzeni salamu za ofisi. Mtani apewe kiti, maji ya kunywa na nusu saa yake.