Mkifika Tunduma, Kateni Kulia

Kila Desemba barabara ya Moshi hujaa magari ya watu wanaorudi kwao Kilimanjaro: watoto wamebanana kiti cha nyuma, mizigo imefungwa juu ya keria, baba au mama ameshika usukani. Hakuna serikali iliyowaamuru. Ni desturi waliyoijenga wenyewe, na kila mwaka inaacha fedha Korogwe, Same na kila mji wanakosimama kula. Naomba tuanzishe desturi kama hiyo upande huu wa nchi, ila yetu iwe ya likizo ya Juni, shule zimefungwa na mvua zimekatika. Pakieni familia kwenye gari, endesheni wenyewe, mje Ufipa.

Nawaita kwanza Wafipa waliotapakaa Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya, ambao watoto wao wanaijua Sumbawanga kwa sauti ya bibi kwenye simu tu. Lakini nawaita na wengine wote. Si lazima uwe na ndugu huku ndipo uje.

Nasisitiza gari lenu, si basi, na nina sababu. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, imebadili maisha yetu. Wanaokumbuka masika ya zamani wanajua jinsi abiria walivyokuwa wakishuka kusukuma basi kwenye tope na kulala njiani. Leo ukikata kulia pale Tunduma asubuhi, chakula cha mchana unakula Sumbawanga. Lakini lami hiyohiyo imeleta jambo ambalo hatukulitegemea: watu wanapita. Malori ya mahindi yanapita, mabasi ya Mpanda yanapita, watumishi wa semina wanalala usiku mmoja na kupita. Karibu kila kinachostahili kuonwa huku kiko pembeni mwa barabara kuu, kwenye njia za vumbi. Mwenye gari lake ndiye anayeweza kusimama, kuuliza, kugeuza, na kukaa mpaka jua lishuke.

Wageni waligundua hili kabla yetu. Kila kiangazi utawaona na magari yenye hema juu ya paa, wametoka Katavi, wanaelekea Kasanga na kisha Zambia. Wanakaribishwa, na waje zaidi. Ninachoumia ni kwamba mtoto wa Tabata au Mwanjelwa hajaona kile ambacho mtoto wa Ujerumani amekwisha kukiona, ilhali ni cha kwao.

Anzeni na Kalambo. Kutoka Sumbawanga mnafuata lami ya Matai na Kasanga, kisha mnaiacha na kuingia njia ya vumbi kuelekea Kapozwa. Mto Kalambo ndio mpaka wetu na Zambia, na hapo unafika ukingoni mwa nyanda za juu na kuanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja, bila kugusa ngazi ya mwamba katikati. Ni miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote Afrika. Simameni kwanza juu, mtoto ameshikwa mkono, mtazame kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara ambao kwetu mijini tumezoea kuwaona majalalani. Hapa wanazalia kwenye kingo za korongo, na mtu hutazama migongo yao wakiruka chini yake. Mnaoweza kushuka, shukeni na mwongozaji wa kijijini. Kupanda kurudi kutawachosha, kwa hiyo bebeni maji na msiwe na haraka.

Na mkiwa pale, waambieni watoto habari hii. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuchimba miaka ya 1950. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza kwamba imepata hapo magogo mawili yaliyochongwa pengo na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri wa miaka ipatayo 476,000. Umri huo ni mkubwa kuliko wa binadamu wa aina yetu. Maji yaliyotuama ndiyo yaliyozuia mti usioze muda wote huo. Kuna watu duniani wangevuka bahari mbili kwa ajili ya kusimama karibu na mahali hapo. Sisi tunahitaji tangi la mafuta na siku mbili.

Kutoka Kalambo msirudi haraka mjini. Shukeni Kasanga, mkalale kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo palikuwa kituo cha Wajerumani walichokiita Bismarckburg, na hapo ndipo meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ilikuwa ikitia nanga kwa miaka mingi. Kuleni kuhe. Anayejua samaki hatanilaumu.

Kuna kitu kingine ambacho hakina tiketi wala lango, nacho nakipenda kuliko maporomoko. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na katika vijiji kadhaa vya nyanda hizi bado yamesimama matanuru yao ya udongo, malungu, marefu kuliko mtu. Chini yana matundu pande zote. Tanuru likishajazwa makaa na mawe ya chuma, hewa iliingia yenyewe kwa matundu hayo na kupanda juu kwa nguvu ya moto, bila mtu kuvuta mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma kabla ya kufuliwa jembe. Fikirini ni hesabu gani iliyokuwa kichwani mwa mtu aliyejenga kitu hicho. Malungu mengi yamebomoka kwa mvua, mizizi, na watu waliochukua udongo. Ukiingia kijijini, nenda kwanza kwa mwenyekiti, omba mzee wa kukuonyesha, mpe ahsante yake. Msipande juu ya tanuru ili kupiga picha. Nawaomba sana hilo.

Msitu wa Mbizi uko karibu na mji, juu ya Sumbawanga yenyewe ambayo nayo iko mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mnaweza kuamka, kuvaa masweta (baridi ya Juni huku ni ya kweli, si ya kutaniwa), na kuwakuta mbega wekundu asubuhi. Mabaki ya msitu yamekaa vipandevipande kati ya majani makavu, na moto wa kiangazi ndio adui yake mkubwa. Kwa hiyo mle msiwashe jiko, msitupe sigara.

Kisha kuna bonde la Rukwa. Mashariki ya mji nyanda zinakatika ghafla, na njia ya Ntendo kwenda Muze inashuka ukuta wa Lyamba lya Mfipa, karibu mita 1,000 kutoka juu hadi kwenye ziwa. Mnaondoka na masweta, mnafika na jasho. Juu ni ngano, ulezi na maharage. Chini ni mpunga na maembe. Njia hii inataka gari la juu na dereva mtulivu. Ingizeni gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko na muiache injini izuie gari, maana breki zinazokanyagwa muda wote hupata moto na kugoma. Mvua ikinyesha, ahirisheni. Na ziwani kuna mamba, basi miguu ibaki nchi kavu.

Mwenye siku za ziada aendelee kaskazini, kupitia Chala na Kizi, hadi Hifadhi ya Katavi, ambako viboko hujazana kwenye madimbwi yaliyobaki ya kiangazi. Msivae nguo za buluu iliyokoza wala nyeusi, zinawavuta mbung'o.

Sasa niseme lile ambalo wengi mnalifikiria kimyakimya. Likitajwa jina la Sumbawanga, watu hucheka na kusema uchawi, radi, kuruka na ungo. Mzaha huu una gharama. Unamfanya mwalimu mpya alie akipangiwa huku, na unamfanya kijana wetu afiche kwao akiwa chuoni. Tena katika nchi hii wako vikongwe waliouawa kwa sababu tu mtu aliamini maneno ya namna hiyo. Njoni mlale kwenye magesti yetu, mle kwa mama lishe, mtengenezewe pancha na vijana wa gereji. Mkirudi mtakuwa na jingine la kusimulia.

Njiani, fuateni yanayojulikana: mafuta jazeni mjini kabla ya kuacha lami, tairi la akiba liwe zima, na vijijini mwendo usizidi 50. Usiku msiendeshe. Mikokoteni ya ng'ombe haina taa, na mwenye mkokoteni anatoka shambani kwake, hana kosa. Takataka zenu rudini nazo. Lipeni viingilio kwa njia halali na mdai risiti. Mtanzania analipa kiasi kidogo kuliko mgeni, na fedha hiyo ndiyo inayomlipa mlinzi wa msitu.

Nanyi wenyeji, wito huu unawahusu. Halmashauri za Kalambo, Nkasi na Sumbawanga, wekeni vibao vinavyosema kilomita zilizobaki na hali ya njia, hasa pale mtu anapoiacha lami. Jengeni vyoo safi. Vijana wa Kapozwa na Muze wapeni mafunzo na vitambulisho, bei ya kuongoza ijulikane, mgeni asiviziwe. Wazee wanaojua malungu warekodiwe wakiwa hai.

Mnaokuja, acheni nafasi kwenye buti. Mkiwa njiani kurudi mtakuta maharage, ulezi na mahindi yamepangwa kwa madebe kando ya barabara, Mpui hadi Laela. Nunueni kwa mkulima mwenyewe, na msimkabe bei.